Mrushaji aliyedai mbuzi alikula umri wake

MBUZI ni mnyama mwenye kesi nyingi. Hula shuka iliyoanikwa, hula mboga za jirani, na akipata nafasi hula hata noti iliyomdondoka mtu njiani. Lakini mbuzi aliyeshtakiwa kwa kula umri wa mtu ni mmoja tu, na huyo alikuwa mbuzi wa Mobile, mji wa bandari katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani.

Mshtaki wake alikuwa Leroy Robert Paige, mchezaji wa besiboli aliyejulikana na kila mtu kwa jina la Satchel. Waandishi wa habari walipomwuliza ana miaka mingapi, alieleza kwa uso mkavu kwamba tarehe yake ya kuzaliwa ilihifadhiwa ndani ya Biblia ya familia, na kwamba mbuzi wa nyumbani aliila Biblia hiyo. Kuna wakati aliongeza kuwa mbuzi huyo alifika umri wa miaka 27. Yaani aliujua umri wa mbuzi kuliko wake mwenyewe!

Watu walicheka, wakaandika, na siku ya pili wakarudi kuuliza tena. Kumbukumbu zilizopatikana baadaye huko Mobile zaonyesha kwamba Satchel alizaliwa Julai 7, 1906. Hata baada ya hapo yeye hakuacha kuwachezea shere wenye kuuliza. Ikiwa hujui umri wako, aliwarudishia swali, je, ungejihesabu kuwa mtu wa miaka mingapi?

Huenda msomaji ukashangaa mwanamume mzima kuficha umri wake kama bibi harusi. Lakini ukiyafuata maisha ya bwana huyu hatua kwa hatua, utaona kwamba mzaha ule haukuwa wa bure. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa miongoni mwa warushaji hodari kabisa nchini mwake, na kwa miaka hiyo yote hakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu za nchi hiyo kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeusi. Mtu wa namna hiyo akihesabu miaka yake, huhesabu miaka aliyoibiwa.

Mti wa mikoba

Kwa wale ambao hawajapata kuutazama mchezo huu, besiboli ni binamu wa kriketi, na pia ni ndugu wa ule mchezo wa raunda ambao wasichana wengi wameucheza katika shule za msingi. Mrushaji husimama juu ya kijilima cha udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, umbali wa mita 18 na nusu hivi, yuko mpigaji aliyeshika gongo, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji mwenye glavu. Mpira haudundi chini kama ule wa kriketi, bali hupita hewani juu ya kibao cheupe ambacho upana wake ni sentimita 43 tu. Mpigaji akikosea mara tatu, ametoka. Mrushaji naye akitupa mipira minne nje ya shabaha, mpigaji hutembea bila taabu hadi kituo cha kwanza.

Kwa hivyo kazi ya mrushaji ni kulenga shabaha na kuyahadaa macho ya mwenzake. Satchel aliianza kazi hiyo kwa mawe, akilenga mikebe na ndege.

Familia yake ilikuwa kubwa na maskini. Baba alikuwa mtunza bustani na mama alikuwa dobi. Angali mtoto mdogo, Leroy alikwenda stesheni ya gari moshi kuwabebea abiria mizigo ili apate senti chache. Aliona kwamba kubeba mkoba mmoja mmoja hakuna faida, basi akatafuta mti na kamba, akawa anatundika mikoba mitatu au minne kwa safari moja. Wenzake wakamcheka kwamba amekuwa mti wa mikoba unaotembea. Satchel ni neno la Kiingereza lenye maana ya mkoba, na tangu siku hiyo jina alilopewa na mamake likasahaulika.

Mwaka wa 1918, akiwa na miaka 12, alinaswa akiiba pete za kuchezea dukani. Kwa kuwa alikuwa pia na tabia ya kutoroka shule, alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia ya watoto weusi mahali paitwapo Mount Meigs. Huko alikaa miaka mitano na nusu. Hebu fikiria: miaka mitano na nusu kwa vipete vya kuchezea!

Lakini ni huko alikokutana na mkufunzi Edward Byrd, aliyetambua kwamba kijana yule mrefu, mwembamba, mwenye miguu kama ya korongo, alikuwa na mkono wa ajabu. Byrd alimfundisha kuinua mguu juu sana kabla ya kurusha, ili mpigaji aone soli ya kiatu badala ya mpira. Akamfundisha pia kuuchunguza mwili wa mpigaji, jinsi anavyosimama na jinsi magoti yake yanavyokunjika, ili ajue udhaifu wake uko wapi. Baadaye Satchel alizoea kusema kwamba alitoa uhuru wake wa miaka mitano akapewa ufundi wa kurusha mpira. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mipira yenye majina

Alianza kulipwa kwa kucheza mwaka wa 1926, katika timu ya watu weusi ya mji wa Chattanooga. Wakati huo besiboli ya Marekani ilikuwa imepasuliwa vipande viwili. Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa walikuwa wamefanya makubaliano, ambayo hayakuandikwa popote kama sheria, kwamba mchezaji mweusi asisajiliwe. Watu weusi wakajiundia ligi zao. Ya kwanza kudumu ilianzishwa na Rube Foster mwaka wa 1920. Mishahara ilikuwa midogo, safari zilikuwa ndefu kwa basi, na mara nyingi wachezaji walilala ndani ya basi kwa sababu hoteli hazikuwataka.

Katika maisha hayo timu ilipata riziki kwa kuzunguka miji midogo ikicheza mechi za kirafiki na wenyeji. Watu wasipokuja uwanjani, wachezaji hawali. Satchel akaelewa mapema kwamba kushinda peke yake hakutoshi. Lazima mtu aliyelipa kiingilio aende nyumbani na kisa cha kusimulia.

Basi akaipa mipira yake majina. Mmoja aliuita mpira wa nyuki, kwa kuwa ulipita ukivuma. Mwingine uliitwa mpira wa matata, na kuna ule aliouita msafiri wa usiku wa manane. Mmoja wao ulikuwa wa kusitasita. Satchel alikuwa akipiga hatua mbele kama anayerusha, kisha anaganda kidogo, mpira ungali mkononi. Mpigaji aliyekwisha kulipeleka gongo lake hewani alibaki ametahayari kama mtu aliyempungia mkono asiyemfahamu.

Alitembea kutoka pembeni hadi katikati ya uwanja polepole mno, utadhani anakwenda kulipa deni. Alipopasha mkono moto, hakutaka kile kibao cha sentimita 43. Aliweka chini karatasi ya chingamu, akawa anairushia mipira juu yake mmoja baada ya mwingine. Katika mechi za vijijini kuna nyakati aliwaita walinzi wa nyuma waje waketi chini karibu naye, maana hawakuwa na kazi, kisha akawatoa wapigaji mmoja mmoja huku mashabiki wakiangua vicheko.

Wapo waliosema kwamba huo ni uchekeshaji tu, na kwamba mtu mweusi hafai kujifanya kioja mbele ya wazungu. Swali hilo ni zito, na hata miongoni mwa wachezaji wenzake wapo waliokerwa naye. Lakini tazama nani aliyekuwa akichekwa. Mkulima aliyekuja na gongo lake mbele ya mke na watoto, akiamini kwamba mtu mweusi hawezi kumshinda, ndiye aliyerudi kuketi bila kuugusa mpira. Naye hakuwa na la kufanya ila kucheka pamoja na wengine.

Tena mzaha wake ulikuwa na mipaka. Inasimuliwa kwamba jina lake lilipokuwa kubwa, alikataa kuchezea katika miji ambayo haingempa chakula wala mahali pa kulala. Waliotaka kumwona akirusha ilibidi kwanza wamfungulie mlango wa mkahawa.

Mkono ulipokufa

Miaka ya 1930 ilimpeleka kila mahali. Aliichezea Pittsburgh Crawfords, akiwa pamoja na Josh Gibson, mpigaji wa kutisha, na Cool Papa Bell. Huyo Bell, alisema Satchel, alikuwa na mbio kiasi cha kuzima taa ya chumbani na kuwa kitandani kabla ya giza kuingia.

Mwaka wa 1935 alikuwa Bismarck, mji mdogo wa North Dakota, ambako mfanyabiashara wa magari aliunda timu ya weusi na wazungu pamoja. Timu hiyo ilishinda mashindano ya kitaifa ya timu za nje ya ligi huko Wichita, na Satchel aliwatoa wapigaji 60. Huu ulikuwa muda wa miaka 12 kabla ya ligi kuu kumkubali mtu mweusi. Hata hivyo, alisimulia Satchel, alipofika Bismarck mara ya kwanza hakupata mtu wa kumpangishia nyumba, akalazimika kuishi ndani ya behewa kuukuu la mizigo.

Mwaka wa 1937 alivuka bahari hadi Jamhuri ya Dominika, kuichezea timu iliyobeba jina la dikteta Rafael Trujillo. Pesa zilikuwa nono. Wanajeshi wenye bunduki nao walikuwa wengi, na Satchel akasimulia maisha yake yote jinsi alivyorusha mpira huku akijiuliza kama anayeshindwa mahali pale hurudi kwao. Timu yake ilishinda.

Tusimfanye malaika, msomaji. Satchel alikuwa mtu wa kuchelewa mechi, kuendesha gari kwa kasi, na kuuacha mkataba mezani mtu mwingine akimwonyesha mkataba mnono zaidi. Wenye timu walimlaani, kisha mwezi uliofuata wakamtafuta tena kwa sababu bila yeye viti vilibaki wazi.

Mnamo 1938, akiwa Mexico, mkono wake ulikufa. Maumivu yalikuwa makali hata kuuinua hakuweza, na madaktari wakamwambia kwamba hatarusha tena. Wale waliokuwa wakimgombania wakapotea ghafla. Mmoja tu, J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, ndiye aliyemchukua na kumweka katika kikosi cha pili, azunguke vijijini kwa jina lake tu. Mwaka wa 1939 maumivu yakaondoka, mkono ukafufuka. Kuvunjika kwa koleo, wahenga walisema, si mwisho wa uhunzi.

Miaka mitatu baadaye, katika fainali za ligi za weusi za 1942, alikutana na rafiki yake wa zamani Josh Gibson, sasa akiwa adui. Satchel na mwenzake Buck O'Neil walikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni. Kwa masimulizi yao, Satchel aliwapitisha wapigaji kwa makusudi ili vituo vijae na Gibson afike mbele yake. Kisha kabla ya kila mpira akamtangazia utakavyokuja. Huu utapita magotini. Na huu pia. Gibson aliduwaa, akatoka. Wanahistoria wanasema masimulizi hayo yamezidishwa chumvi, lakini kwamba Gibson alitolewa na kwamba Monarchs walishinda kombe, hilo halina ubishi.

Jina la Nancy

O'Neil huyo ndiye aliyetuachia picha mbili za Satchel ambazo hazistahili kutenganishwa.

Ya kwanza ni ya kuchekesha. Safari moja Satchel alimwalika msichana aitwaye Nancy katika hoteli waliyofikia. Mara mchumba wake naye akatokea bila taarifa! O'Neil akafanya haraka kumtafutia Nancy chumba kando. Usiku wa manane Satchel akanyata hadi mlango wa Nancy, akawa anaita kwa sauti ya chini. Mlango uliofunguka ni wa mchumba wake. O'Neil, aliyekuwa chumba cha karibu, akaruka kutoka kitandani akatoa kichwa nje na kuitika, "Naam, Satchel, waniitia nini?" Tangu usiku huo mpaka kufa kwake, Satchel hakumwita O'Neil jina jingine ila Nancy. Hiyo ndiyo gharama ya kumwokoa rafiki.

Picha ya pili haina kicheko. Timu ilipokuwa Charleston, South Carolina, Satchel alimwomba O'Neil waende mahali. Akampeleka palipokuwa soko la watumwa, mahali ambapo babu zao waliuzwa kwa mnada. Wakasimama kimya kwa muda wa dakika kumi. Hatimaye Satchel akasema kwamba anahisi kama aliwahi kuwapo pale zamani. O'Neil akamjibu kuwa naye anahisi hivyo hivyo.

O'Neil alisema watu hawakumfahamu Satchel huyo. Walimfahamu yule wa mbuzi.

Kijana mwingine apita mlangoni

Oktoba 1945 ikatangazwa kwamba Brooklyn Dodgers wamemsajili mchezaji mweusi. Hakuwa Satchel. Alikuwa Jackie Robinson, kijana aliyesoma chuo kikuu, aliyekuwa afisa jeshini, na ambaye mwaka huo huo alivaa jezi ya Monarchs pamoja na Satchel. Robinson aliingia uwanjani mara ya kwanza katika ligi kuu Aprili 15, 1947.

Wenye Dodgers walikuwa na hesabu zao. Walitaka mtu ambaye bado ana umri wa kucheza miaka mingi, na ambaye angetukanwa bila kujibu. Satchel alikuwa anakaribia miaka 40 na hakuzoea kunyamaza. Hadharani alisema kwamba hawangeweza kumchagua mtu bora kuliko Robinson. Faraghani iliuma. Baadaye alikiri kwamba aliamini yeye ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza, kwani ni yeye aliyewavuta wazungu kuja kuwatazama weusi wakicheza.

Mcheza kwao hutunzwa, twasema. Satchel alicheza kwao zaidi ya miaka 20, na aliyetunzwa kwanza akawa mwingine.

Zamu yake ilikuja Julai 7, 1948, siku ambayo kwa hesabu za Mobile alitimiza miaka 42. Bill Veeck, mwenye Cleveland Indians, alimsajili timu ikiwa katika kinyang'anyiro kikali cha ubingwa. Inasimuliwa kwamba siku ya majaribio aliwekewa sigara chini iwe shabaha, akarusha mipira mitano, na minne ikapita juu yake barabara.

Mhariri wa gazeti mashuhuri la michezo aliandika kwamba huo ni mchezo wa kuigiza, na kwamba kama Paige angekuwa mzungu, Veeck hangemfikiria hata kidogo. Veeck alijibu kuwa kama Paige angekuwa mzungu, angekuwa ligi kuu miaka 25 iliyopita.

Satchel mwenyewe alijibu kwa mkono. Alishinda mechi sita akapoteza moja. Mechi tatu za kwanza alizozianzisha zilivuta watu zaidi ya 200,000, na usiku wa Agosti 20 huko Cleveland walihesabiwa watu 78,382. Cleveland ilitwaa ubingwa mwaka huo, na Satchel akawa mtu mweusi wa kwanza kurusha mpira katika fainali kuu za besiboli. Rais wa ligi akaupiga marufuku ule mpira wa kusitasita. Na palipozuka maneno kwamba huenda akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa mwaka, Satchel alisema angeikataa, maana hakuwa na hakika hao mabwana wanazungumzia mwaka gani.

Rudia jibu hilo polepole, msomaji. Limebeba miaka yote aliyonyimwa, lakini aliyelisikia alicheka kabla ya kugundua kwamba ameshtakiwa.

Kiti cha kubembea

Mwaka wa 1953 jarida moja la Marekani lilichapisha kanuni zake za kubaki kijana. Alishauri watu wajiepushe na nyama za kukaanga kwa sababu huichafua damu, walale chini tumbo likianza ugomvi, na wasikimbie kamwe. La mwisho ndilo lililomfanya maarufu hata kwa wasioujua mchezo. Aliwaonya watu wasitazame nyuma, isije ikawa kuna kitu kinachowafuata na kukaribia kuwafikia.

Yeye hakutazama nyuma. Septemba 25, 1965, timu ya Kansas City Athletics ilimwita arushe mechi moja. Mwenye timu alitafuta kiroja. Alimwekea kiti cha kubembea pembeni mwa uwanja na muuguzi wa kumhudumia, na Satchel akaketi humo kama babu kizee. Kisha akainuka, miaka 59, akarusha kwa vipindi vitatu dhidi ya Boston Red Sox bila kufungwa hata pointi moja. Aliyefaulu kumpiga vizuri ni mtu mmoja tu, Carl Yastrzemski. Alipotoka, taa za uwanja zilizimwa na mashabiki wakawasha viberiti gizani. Hakuna mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyewahi kucheza katika ligi kuu.

Malipo ya uzeeni nayo yalikuwa na sheria zake. Ili apate pensheni ya ligi kuu, Satchel alipungukiwa na siku 158 katika orodha ya timu. Akaandikia timu zote, na mwaka wa 1968 ni Atlanta Braves peke yao waliokubali kumweka katika orodha yao ili atimize siku hizo. Mtu aliyejaza viwanja aliomba siku kama mwanafunzi anayeomba karo.

Mnamo 1971 alichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, New York. Lakini mwanzoni wakuu walitangaza kwamba wachezaji wa ligi za weusi watawekwa katika sehemu yao peke yao. Satchel alinukuliwa akisema kwamba sasa ametolewa katika uraia wa daraja la pili na kufanywa shujaa asiyekufa, wa daraja hilo hilo la pili. Watu wakapiga kelele, na kabla ya sherehe za Agosti uamuzi ukabadilishwa. Aliwekwa pamoja na wengine wote. Alifariki dunia Juni 8, 1982, mjini Kansas City.

Ilichukua muda mrefu zaidi kwa vitabu vya hesabu kuwatambua. Ni Desemba 2020 tu wasimamizi wa besiboli ya Marekani walipotangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu, na ni 2024 takwimu zake zilipoingizwa katika kumbukumbu rasmi. Hata hivyo mechi nyingi za Satchel, zile za vijijini zenye karatasi ya chingamu na walinzi walioketi chini, hazimo. Yeye alidai ameshinda mechi 2,000. Nani atabisha?

Katika kila familia na kila darasa kuna mtoto wa aina ya Satchel. Ni yule mwenye jibu la kuchekesha kabla mwalimu hajamaliza swali, anayechelewa, anayefurusha kitabu akakimbilia uwanjani. Wazazi na walimu wengi humwona kuwa hana uzito. Satchel anatufundisha tumtazame vizuri kabla ya kumhukumu. Huenda mzaha wake ni wa uvivu, na huo urekebishwe. Lakini huenda pia kuna jambo linalomuuma, na hajapata njia nyingine ya kulisema mbele ya watu wasiotaka kulisikia. Edward Byrd, katika shule ile ya Mount Meigs, aliona mkono badala ya kesi ya pete.

Na kwa mwanafunzi anayejiona amechelewa, aliyerudia darasa au ambaye wenzake wamemtangulia chuoni, kumbuka bwana huyu alianza kazi aliyoistahili akiwa na miaka 42. Alikuwa na haki ya kuingia kwa hasira, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliingia akitembea polepole kama kawaida yake, akapanda kijilima, akainua mguu.

Tukutane Jumapili ijayo.